Kitabu cha Kuagia

Juzi niliunguza sufuria. Mwanangu alitaka gundi ya kubandikia kishada chake, na badala ya kumtuma dukani nikamwambia ngoja nikupikie, kama tulivyokuwa tunapika zamani. Unga wa ngano, maji, na majani machache ya mwarobaini ili wadudu wasije wakaipenda. Nikageuka kidogo tu kupokea simu. Niliporudi unga ulikuwa umeshika chini, na harufu ya mkate unaoungua, imechanganyika na uchungu wa mwarobaini, ilikuwa imejaa jikoni. Nikasimama na mwiko mkononi, hata kuzima jiko nimesahau.

"Mama, inanuka," mwanangu akasema.

"Hainuki," nikamjibu. "Hiyo ni Jumamosi."

Akanitazama, akaona bora akacheze nje. Watoto wa siku hizi wanajua mapema wakati wa kumwachia mtu mzima mambo yake. Lakini ninyi tuliokua nanyi wakati mmoja mtanielewa. Kila mmoja wetu ana harufu yake moja ambayo ikimpata, utu uzima wote unamtoka, anabaki na magoti yake yenye vumbi. Yangu ni gundi iliyoungua, na inanirudisha barazani kwa Mama Basso, kule Nakwa, kando ya mji wa Babati.

Tulihamia Babati wakati Manyara ndiyo kwanza imekuwa mkoa. Mimi sikujua mkoa ni kitu gani. Nilisikia watu wazima wakisema mkoa umekuja, mkoa unatafuta nyumba, mkoa hauna viti, nikaelewa kwamba ni mgeni, tena mgeni mkubwa wa kuogopwa. Baba alikuwa fundi wa milango na madirisha, na ndiye aliyeitwa kumtengenezea milango. Mama alikuwa fundi cherehani, akapata kazi ya kumshonea mapazia. Vitambaa vya kijani na vya rangi ya maziwa vilijaa chumba chetu cha kupanga mpaka tukawa tunalala katikati yake, na usingizini nilisikia harufu ya nguo mpya. Nilikuwa najiuliza huyu Mkoa ana madirisha mangapi, na kwa nini hapendi kuonwa. Siku moja gari jeupe lenye vioo vyeusi lilitupita barabarani na vumbi lake, nikalipungia mkono kwa heshima zote. Hadi leo nikisikia habari za mkoa redioni namwona mzee mnene amekaa nyuma ya pazia la kijani, anakunywa chai polepole.

Vipande vya mapazia ndivyo vilivyotupeleka Nakwa. Mama Basso alikuja kwetu kuuza mbaazi, akaona mabaki ya vitambaa kwenye kikapu karibu na mlango.

"Hivi unavitupa, Mama Elina?" akauliza. Elina ni mimi.

"Ukivitaka chukua, mama yangu. Unataka kushonea mito?"

"Hapana. Vitabu."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Mama Basso alikuwa Mgorowa, mwenyeji wa pale, mkulima, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa shule ya bweni, mikono yake imepasuka kwa jembe, na sauti yake ilianzia ndani kabisa ya koo. Alilisema neno lile kama vile angesema maharage. Mama alicheka, akamuuliza tena, akajibiwa vilevile. Jumamosi iliyofuata akafunga cherehani mapema, akanifunga na mimi viatu, tukaenda kushuhudia.

Tulikuta watu barazani wamekaa kwenye magunia. Aliyewakusanya alikuwa Mwalimu Damasi, mstaafu aliyefundisha kazi za mikono, mtu wa Uchagani ambaye alikuja Babati kijana akasahau kurudi. Alisema maisha yake yote amefundisha watoto kutengeneza vitu vinavyopewa maksi kisha vinatupwa. Sasa uzeeni anataka kutengeneza visivyo na maksi. Basi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikutana pale, wakatengeneza vitabu kwa mikono, kila kitabu kimoja tu, hakuna cha pili yake duniani. Majalada waliyabandika kwa gundi ya unga na mwarobaini, na karibu kila mara iliungua, maana hakuna aliyekumbuka sufuria. Majirani waliwaita watu wa makaratasi, na nadhani waliwahesabu pamoja na walevi na wanakwaya, yaani watu wasiodhuru.

Karatasi walizitengeneza wenyewe. Zilizotupwa maofisini zilichanwachanwa, na hiyo ilikuwa kazi yangu, kazi tamu kuliko zote nilizowahi kupewa. Zikalowekwa, zikatwangwa kwenye kinu pamoja na maganda ya mahindi yaliyochemshwa hadi zikawa uji wa kijivu. Uji ule ulitekwa kwa fremu yenye wavu wa dirisha, ukachujwa, ukapinduliwa juu ya blanketi kuukuu, kisha karatasi mbichi zikabandikwa kwenye kuta za bati la ghala zikauke. Jua la alasiri lilipozipiga, ghala zima liligeuka jeupe na kuanza kunong'ona, maana karatasi ikikauka hujikunja pembe na kulia kidogo. Mimi nililala juu ya gunia la mbaazi nikizisikiliza. Kwa juu mlima Kwaraa ulikuwa umevaa wingu lake, kwa chini kipande cha ziwa kilionekana kati ya migomba, na mara mojamoja kiboko alikoroma huko matetani kama mjomba aliyeshiba. Mpaka leo sijui ni mara ngapi nilisinzia pale na ni mara ngapi nilikuwa macho. Vyote viwili vilifanana.

Na vitabu vyenyewe! Mama Basso alitengeneza kitabu cha mvua. Hakikuwa na neno hata moja. Alitoboa kurasa zake kwa sindano, matundu machache mwanzoni, mengi katikati, machache tena mwishoni, na ukikifungua juani mvua ya mwanga ilikunyeshea mapajani. Jirani mmoja alikipekua mbele na nyuma, akauliza, "Sasa hiki kinasema nini?"

"Kinasema mvua," Mama Basso akamjibu.

"Na mtihani wake unakuwaje?"

"Ukiloa umefaulu."

Mwalimu Damasi alikuwa na kitabu kilichokunjwakunjwa ambacho ukikivuta kilifika kutoka mwisho mmoja wa baraza hadi mwingine. Kilikuwa barabara ya kutoka Arusha kwenda Singida, na pale katikati, Babati, aliweka alama ya kidole chake kilichopakwa udongo mwekundu. Mama yangu naye, ambaye alikuja kushuhudia tu, kabla ya mwezi kuisha akawa ametengeneza kitabu cha mapazia. Kila ukurasa ulikuwa dirisha lenye kipazia cha kijani, unakiinua unaona kilichomo: kuku amelala, birika, mtoto anayesukwa. Katika dirisha la mwisho alichora mzee mnene anakunywa chai. Nilikuwa nimemwambia habari za Mkoa, na hakunicheka. Nilimpenda sana siku ile.

Lakini aliyenichukua roho kabisa ni Mama Basso. Nikitoka shule nilipitia kwake, kwa kuwa Mama alikuwa na mapazia yake na Baba na milango yake. "Shikamoo Mama Basso." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Hata ningesema nimekula, bakuli la maziwa ya mgando lilikuja. Alinifundisha kupaka nta ya nyuki kwenye uzi wa katani ili usikatike, na kukunja karatasi kwa kuibana na mfupa wa ubavu wa mbuzi, mfupa uliokuwa laini na wa njano kwa kushikwa. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Aliniwekea mkono wake juu ya mkono wangu, tukasukuma pamoja. Sikuwa na bibi aliye hai, na nilikuwa nimeshajipatia mmoja bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipojenga nyumba yake.

Babati ni njia panda, na wakati ule mpya watu waliingia na kutoka kila siku, wengine wanaletwa na kazi, wengine wanahamishwa nayo. Kikundi kilikuwa na desturi. Mtu wao akitaka kuondoka walimtengenezea kitabu cha kuagia. Kila anayebaki alitoa ukurasa mmoja, chochote alichopenda. Kurasa zote zikitimia, Jumamosi ya mwisho waliketi duara, na sindano ya magunia yenye uzi wa katani ikazungushwa mkono kwa mkono. Kila mtu alipiga tundu moja, akampa wa pembeni yake. Fundo la mwisho lilifungwa na yule anayeondoka. Mama Basso alikuwa akisema mtu haagwi mikono mitupu.

Walimshonea Dada Rehema, karani aliyehamishiwa Kiteto. Jumamosi alifunga fundo, na katikati ya wiki hakuwepo. Wakamshonea Kaka Jofrei, kijana mcheshi aliyenisalimu "Mambo, mdogo wangu?" nami nikajibu "Poa" kwa sauti nene kama yake. Alifunga fundo, akaenda machimboni Mererani, na gunia alilokuwa akilikalia likajaa hewa tu. Mimi sikuona kwamba watu wanaondoka ndipo wanashonewa. Niliona kwamba wanashonewa ndipo wanaondoka. Kwangu kitabu kilikuwa ndicho kinachowatoa. Mtu anakuwepo, anacheka, anakunywa chai, mara wanamtia uzi, na fundo likikaza hayupo. Nikaanza kuiogopa ile sindano kuliko nyoka.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo watu walinyamaza nilipofika. Niliona karatasi nzuri zimekatwa kwa kipimo kimoja, na jalada limefunikwa kwa kipande cha shuka la buluu la miraba. Nililijua shuka lile. Mama Basso alijifunga nalo kila asubuhi ya baridi. Nikatazama huku na huku, hakuna aliyenitazama. Mwalimu Damasi ndiye aliyeniita, akanipa karatasi moja, iliyo safi kuliko zote.

"Elina, chora kitu cha hapa Babati unachokipenda. Ukurasa wako huo. Usifanye haraka."

Nikauliza, "Nani anaondoka, Mwalimu?"

Akakohoa, akasema nimuulize mama yangu. Nikamuuliza Mama njiani. Akasema, "Tutaongea," kisha akaniuliza habari za shule. Watu wazima wakikujibu hivyo, unatafuta jibu mwenyewe, na mimi nililipata upesi. Mama Basso alikuwa amekwenda Dareda kwa dada yake akakaa siku nyingi kuliko kawaida. Alikuwa ananitazama muda mrefu. Na zaidi ya yote, alikuwa anagawa vitu. Alimpa Mama kibuyu chake cha maziwa, kile kizuri chenye shanga shingoni. Alitupa mbaazi debe zima. Alitupa jogoo! Dada Rehema kabla ya kuondoka aligawa ndoo, jiko na godoro. Mtu anayegawa vitu vyake anafunga mizigo, nani asiyelijua hilo?

Basi nikajua wanamshona Mama Basso. Nikajua pia dawa yake. Kitabu hakishonwi mpaka kurasa zote zitimie, na ukurasa mmoja ulikuwa mikononi mwangu.

Nilichagua kuchora ziwa, kwa sababu ziwa lina mawimbi, na mawimbi hayaishi. Nilichora kiboko mmoja upesi pembeni, macho na masikio tu, kisha nikaanza maji. Wimbi dogo, halafu jingine kando yake. Penseli niliichonga mara kwa mara hata kama haikuhitaji. Nikikosea kidogo nilifurahi, nikafuta, nikaanza upya. Kila nilipotoka shule nilikaa barazani, nikalitazama ziwa lenyewe kupitia migomba, nikasubiri liniletee wimbi, nikalichora lile moja, nikaweka penseli chini. Mwanga ulikuwa unageuka kutoka mweupe kuwa wa asali, karatasi zilikuwa zinalia kwenye bati, na Mama Basso alikuwa anapepeta mbaazi, shaa, shaa. Nilikuwa nimemshika. Hakuna aliyejua, lakini nilikuwa nimemshika kwa penseli, na kadiri nilivyochora polepole ndivyo alivyoendelea kuwepo. Sijawahi tena kuwa na nguvu kama zile.

Jumamosi moja ikapita bila kushona, na nyingine. Nikamsikia Mwalimu Damasi akimwambia Mama kwamba siku zinakwenda, na Mama akimjibu angoje kidogo.

Jioni moja Mama Basso aliweka ungo chini, akaja kukaa karibu nami. Akaangalia ukurasa wangu kwa muda.

"Mawimbi mazuri," akasema. "Lakini ziwa lote hili utalimaliza lini?"

Nikachonga penseli.

"Elina. Unachoka?"

"Sichoki. Sitaki kumaliza."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejikaza siku zote zile, na swali lile moja likanivunja. Nikaanza kulia, machozi yakadondoka ziwani, nikayafuta kwa sketi na kuharibu wimbi. "Nikimaliza watakushona," nikamwambia. "Wakikushona utaondoka kama Dada Rehema. Mimi sitaki uondoke."

Hakucheka. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikukielewa, ukafunguka na kufungika. Alifungua kinywa, akatazama njia ya mjini kama mtu anayetegemea mwingine aje amsaidie kusema, akakifunga. Halafu akanivuta, kichwa changu kikakaa kwenye shuka lake lenye harufu ya moshi na maziwa.

"Mimi naondoka kwenda wapi, mwanangu?" akasema. "Na mbaazi zangu zile nani atavuna? Mimi niko hapa. Nitazikwa hapa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Basi nimalize?"

Kiboko alikoroma huko chini.

"Usimalize," akasema. "Uache hapo hapo ulipofika."

Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Niliamini ushindi ni wangu. Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza, kwamba kama si yeye ni nani.

Jumamosi iliyofuata barazani kulikuwa na mkeka mpya na chai ya maziwa. Nilimpa Mama Basso ukurasa wangu bila wasiwasi, nusu yake ziwa na nusu yake weupe mtupu. Aliupokea kwa mikono miwili, akauweka mapajani pake. Mwalimu Damasi akaanza kupanga kurasa nyingine.

"Wangu bado," nikamkumbusha.

"Wako si wa humu, Elina," akasema, na akatoa sindano.

Ikaanza kuzunguka. Nilisikia uzi ukipita kwenye karatasi, ule mlio mkavu, na nikaifuata kwa macho mkono hadi mkono. Ilipofika kwa Mama Basso nilishika pumzi. Akapiga tundu lake moja kama wengine, akavuta uzi, akampa Mama yangu. Na Mama hakushona. Aliishika tu ile sindano, machozi yanamtiririka bila sauti, na nikakumbuka kwamba kati ya kurasa zile sikuwa nimeona hata moja yenye mkono wake.

"Elina," akasema. "Njoo tufunge fundo."

Niliruka juu. "Si sisi!" nikapiga kelele. "Mmekosea! Anayeondoka ni Mama Basso. Ametoa jogoo!"

Hakuna aliyecheka, ingawa miaka mingi baadaye mimi na Mama tulilicheka neno lile hadi tukashika mbavu.

"Jogoo ni wa njiani, mwanangu," Mama Basso akasema taratibu.

Mama akanieleza pale pale, mbele ya watu, maana alikuwa amechelewa kunieleza kwingine. Madirisha ya mkoa yalikuwa yamekwisha. Milango yote ilikuwa imewekwa, mapazia yote yametundikwa. Baba amepata kazi Kahama. Gari ni keshokutwa. Nililia hadi nikashikwa na kwikwi, kisha nikajibanza nyuma ya Mama Basso nikang'ang'ania shuka lake, na ilibidi Mama aje na kitabu na uzi hadi pale nilipo. Akachukua vidole vyangu, akaviweka juu ya uzi wenye nta, tukakaza pamoja. Fundo lilikuwa dogo kuliko punje ya mbaazi. Niliona jinsi lilivyokaa, na moyoni nikahisi kitu kimekatika, kama nilivyojua kitakatika.

Ndipo Mwalimu Damasi, kwa kunibembeleza, akanionyesha kitu. Kwenye rafu ya Mama Basso kulikuwa na kitabu kinene kimefungwa kwa kitambaa, ambacho mimi siku zote nilidhani ni Biblia. Alikifunua. Kila anayeondoka, akasema, naye huacha ukurasa mmoja, na kurasa hizo hushonwa humu zikabaki Babati. Nikaona ukurasa wa Dada Rehema, mihuri ya ofisi imepangwa ikawa maua. Nikaona wa Kaka Jofrei, mkono wake mkubwa umezungushiwa penseli. Wa Mama ulikuwa tayari umeshonwa, dirisha lenye pazia, na nyuma ya pazia baraza lile lile.

"Na wako utakaa hapa, karibu na wa mama yako," akasema. "Nitautia uzi Jumamosi ijayo."

Mama Basso alikuwa bado ameuweka mapajani.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu, mimi nimeshika kikapu chenye jogoo. Mama Basso alikuja hadi stendi, ingawa hakupenda mjini. Hakunibusu wala kunipungia. Alisimama tu na shuka lake la buluu, ambalo pembe yake moja ilikuwa imekatwa, na gari lilipoanza kutimua vumbi nikamwona anakuwa mdogo, wa buluu, kisha rangi tu. Mlima ulibaki muda mrefu zaidi.

Kitabu chetu cha kuagia ninacho. Kilikuja nami Kahama, kikanifuata bwenini, kikaingia kwenye ndoa yangu kabla ya masufuria. Kina ukurasa wa mvua, na bado unanyesha. Nilikuwa nikipanga kila mwaka kurudi Babati, na kila mwaka kulikuwa na sababu, ninyi mnazijua hizo sababu, hazina haja ya kutajwa. Mwaka huu simu ikaja. Mama Basso alikuwa amezikwa pale pale Nakwa, kama alivyoniahidi.

Nilifika msiba ukiwa unaelekea kuanuliwa. Lami imefika, mji umejaa maghorofa, lakini ukishuka Nakwa migomba iko, na kati yake kipande cha ziwa. Basso, yule mtoto wa bweni, sasa ni mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni. Tulipokaa barazani, wanawake wakiosha vyombo nyuma ya nyumba, aliingia ndani akatoka na kile kitabu kinene. Kilikuwa kimenenepa zaidi. Mwalimu Damasi alitangulia zamani, akasema, lakini wengine waliendelea kuja, na wengine kuondoka. Nikapekua: kurasa za watu nisiowajua, zote zimeshonwa imara kwa katani. Nikafika kwenye dirisha la Mama. Nilipogeuza, karatasi moja ikateleza ikaanguka mapajani mwangu.

Kiboko, macho na masikio tu. Mawimbi. Doa la chozi la mtoto, limefutwa kwa sketi. Ukingoni kulikuwa na matundu yaliyokwisha kutobolewa, na hayakuwahi kupitishwa uzi.

"Huo Mama alikataa usishonwe," Basso akasema. "Mwalimu alimsumbua miaka, akamwambia kitabu kinadondosha kurasa, hakipendezi. Anamjibu, walioshonwa humu wameondoka. Huyu bado anachora."

Nililia vile vile kama nilivyolia siku ile, mwanamke mzima, nimekaa kwenye gunia. Nilikuwa nimeamini kwamba mimi ndiye niliyemshika yeye.

Basso aliniacha hadi nikatulia. Halafu, kwa upole, akatoa sindano ya magunia ndani ya jalada, imekwisha kuvikwa uzi, nta yake imegeuka nyeusi kwa ukale.

"Sasa Mama hayupo," akasema. "Tufanyeje, dada yangu? Niushone?"

Nikamwomba penseli. Alikwenda kuitafuta kwa watoto wake, akarudi na kipande kifupi kilichotafunwa. Niliweka ukurasa juu ya goti, nikatazama kati ya migomba, nikasubiri. Wimbi likaja. Nikalichora lile moja, kando ya lile lililoharibika, nikaweka penseli chini.

"Umemaliza?" Basso akauliza.

Kona ya chini ilikuwa bado nyeupe.

"Bado," nikamwambia, nikaurudisha ukurasa mahali pake, bila uzi.